Lulu Isiyo Tundu

Mkeka wangu uko sokoni Ujiji, kati ya mtu na njaa yake:
anakuja na shuka, anataka samaki;
muuza samaki hataki shuka, anataka sofi.
Basi navunja. Sofi ishirini ni masaro,
masaro kumi ni fundo,
na iliyopasuka mdomo haihesabiwi
hata uniapie kwa mama yako.

Asubuhi bei ni yangu.
Adhuhuri ni ya mawese yaliyovushwa kutoka Uvira.
Chumvi ya Uvinza ikinyeshewa njiani,
mchuzi huku unachapuka, na bei haina mwenyewe.

Ndivyo alivyonikuta Haidari bin Lutfi,
mguu umefungwa kitambaa, wapagazi tisa
kati ya thelathini waliotoka pwani.
Miezi minane. Hongo Ugogo,
hongo tena kivuko cha Malagarasi.
Akafungua mzigo: shanga za buluu, frasila saba,
buluu ya kuumiza macho.
"Barua ilisema Ujiji mnataka buluu."
"Tulitaka," nikamwambia. "Masika yale."
Kisha mke wa mteko akaja sokoni kavaa nyekundu,
na buluu ikafa siku hiyohiyo, bila matanga.

Alicheka, yule mtu. Sikutarajia.
Akaketi ukingoni mwa mkeka bila kukaribishwa,
akanisimulia bandari ya babu yake,
Lenga, Uajemi, kwenye joto la tanuri,
ambako nyumba zina minara ya kunasa upepo
lakini bei haijajengewa mnara wa kuinasa:
leo tende zinarundikwa mpaka zinachacha,
kesho merikebu ya Basra haikutia nanga
na mwenye kapu moja anaitwa tajiri.
Ushuru wa gavana, ushuru wa karani wa gavana,
na karani naye ana shemeji.
"Ni hapahapa," akasema, "ila ninyi hamna waridi."

Akatoa lulu kwenye mshipi wake.
Babu aliipokea kwa mzamiaji
aliyekufa deni halijaisha.
Ilikuwa nyeupe, ndogo,
kama jicho la dagaa aliyechemshwa.
Muuza mihogo akaigeuzageuza juani, akauliza:
"Tundu lake liko wapi?"
Haina tundu.
"Sasa mtu aivaeje? Aimeze?"
Soko zima likacheka, na mimi pia, Mungu anisamehe.

Bei mimi nazijua kwa mwili.
Mimi Mwavita, niliyevushwa ziwa hili na meno ya utoto,
Umanyema nilitolewa kwa vibaba vinne vya chumvi na jembe,
hapa nikatolewa kwa doti sita.
Mtu yuleyule, kimo kilekile.
Katikati yalikuwa maji tu.
Kwa hiyo sikumuuliza lulu yake ina thamani gani.
Nilimuuliza anahitaji nini.

Chumvi, unga, dagaa, kamba za mizigo.
Fundo kumi na nne. Nikazihesabu polepole
asione mkono unavyotetemeka,
maana zile nilikuwa nikiziweka za kujikomboa.
Usiniite mwema. Nilikuwa nanunua.

Akashika njia ya Unyanyembe.
Magunia ya buluu akaniachia, hakuwa na mgongo wa kuyabeba.
"Itarudi," akasema. Yeye hajarudi.

Misimu mitano sasa, kila msafara ukifika
nafungua fundo la pembe ya kanga yangu.
Mbaluchi mmoja alisema: jino zima la ndovu.
Hakuwa na jino.
Mwenzake akasema: kokoto.
Bwana wangu hajui kama ninayo.

Na Ijumaa iliyopita mke wa mteko alipita sokoni.
Shingoni, katikati ya nyekundu zote,
punje moja ya buluu.

Sikumaliza masaro ya mteja.
Nilikunja mkeka.